Nyama za chumvi na moshi: ipi uile hivi hivi, ipi uipitishe motoni

Nyama za kiwandani hazilingani. Salami iliyokaushwa vizuri unaila kama ilivyo. Bekoni huili hivyo, hata iwe na rangi ya kupendeza na harufu ya moshi. Katikati kuna poloni (soseji nene laini), mortadela inayofanana nayo, na jamboni iliyopikwa (paja la nguruwe), na hizo ndizo wateja wananiuliza sana, kwa sababu ndizo wanazotia kwenye mkate wa asubuhi. Mimi ninaandaa vyakula vya sherehe hapa Lubumbashi, Kongo. Iwe ubatizo, iwe harusi, sahani ya nyama baridi lazima iagizwe.

Salami inatengenezwa hivi: nyama inasagwa, inatiwa chumvi na nitriti (chumvi maalumu ya kuhifadhi nyama), inachachushwa na bakteria wasiodhuru mpaka inakuwa na ukali kidogo, kisha inaning'inizwa wiki kadhaa ikauke. Chumvi, ule ukali na ukavu vinawanyima vijidudu mahali pa kuishi. Paja la nguruwe la Parma, kule Italia, ni nyama na chumvi tu, na linakaa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuuzwa. Poloni na mortadela zinapikwa kiwandani. Lakini bekoni, na soseji za merguez na chipolata, ni nyama mbichi. Chumvi, viungo au moshi vimezipa ladha, havikuziivisha. Hizo ni za kikaangio, hakuna ubishi. Kwenye pakiti za Kifaransa soma maandishi madogo ya nyuma: ukiona « à cuire », yaani ya kupikwa, washa moto.

Watu wengi wanaamini kwamba ile iliyopikwa ndiyo salama kupita zote. Hapo nina la kusema. Poloni ina majimaji mengi, na baada ya kupikwa inapita tena kwenye visu na mashine za kukatia na kufungia. Mashine ikiwa na bakteria anayeitwa listeria, anahamia kwenye nyama iliyokwisha kuiva. Listeria haogopi friji: anaendelea kuzaana humo, polepole, na nyama hainuki wala haibadiliki rangi. Afrika Kusini walipata msiba huo mwaka 2017 na 2018. Wagonjwa walizidi 1,000, waliokufa walizidi 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Mwezi wa tatu 2018 serikali ikatangaza kwamba chanzo ni poloni ya kiwanda kimoja cha Polokwane. Zambia na nchi nyingine zikafunga mlango kwa nyama hizo. Nasi huku, vyakula vingi vya madukani vinatoka Afrika Kusini, vinavuka Zambia, vinaingilia mpakani Kasumbalesa. Jambo hilo si la mbali.

Kwa hiyo ninapokwenda kununua, ninaangalia baridi kwanza, bei baadaye. Ninashika pakiti kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, ninairudisha. Ikiwa imevimba, au kuna maji mazito meupe yanayoteleza ndani ya plastiki, ninairudisha pia. Ninamuuliza mwenye duka, kwa heshima: « Papa, usiku umeme ukikatika, unawasha jenereta? » Anayewasha anajibu mara moja. Friji inatakiwa iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Pakiti ikishafunguliwa, nyumbani kwangu inaliwa ndani ya siku tatu. Na kwenye sherehe za mwezi wa kumi, lile joto la kabla ya mvua, ninaitoa sahani wakati wageni wamekwisha kukaa, siyo asubuhi wakati viti vinapangwa. Nyama baridi isikae mezani zaidi ya muda wa saa mbili, na joto likiwa kali sana, muda wa saa moja unatosha. Ukiona mafuta yanatoa jasho juu ya vipande na pembe zinajikunja, imekaa mno.

Sahani ya mama mjamzito ninaitenga kabisa. Listeria anaweza kumpa mama homa ndogo tu, akadhani ni malaria, kumbe mtoto tumboni anaathirika, na mimba inaweza kutoka. Salami nayo si ya kwake, maana nyama ambayo haikupikwa inaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma. Siku moja, kwenye ubatizo huko Kamalondo, mgeni mwenye mimba kubwa aliniambia: « Mama, nionje kidogo tu. » Nikamchukulia vipande vyake, nikavipeleka nyuma ya nyumba kwenye mbabula, lile jiko la makaa, nikavigeuza kwenye kikaangio mpaka mvuke ukatoka na kingo zikawa kahawia. Alikula kwa raha, na wageni wawili wakaomba za namna hiyo. Kipimo cha kitaalamu ni nyuzi 74 hadi katikati ya kipande. Bila kipimajoto, ngoja mvuke utoke kila mahali. Wazee, na wale ambao miili yao imedhoofishwa na ugonjwa, wafanyieni vilevile.

Kuhusu mkate wa shule: mtoto anatoka saa kumi na mbili na nusu, anakula saa nne, na poloni imekaa kwenye mkoba muda wote huo. Kuikaanga asubuhi hakuifanyi idumu mpaka saa nne. Mtilieni siagi ya karanga, na poloni aikute nyumbani akirudi, ikiwa moto.