Kuvu ya ukutani: lowesha kwanza, ndipo usugue

Masika yakiisha, nyumba nyingi za Mji wa Kale huota madoa meusi nyuma ya kabati na kwenye pembe za dari. Kifua kikianza kubana usiku, lawama huangukia vumbi, au chavua ya mivinje. Chavua ipo hewani, ila chembe zake ni kubwa na nyingi hunasa puani. Spora, yaani mbegu za kuvu, ni ndogo mno: za aina iitwayo Aspergillus ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 2 hadi 4 tu, na hizo hushuka mpaka mapafuni.

Ndiyo maana brashi kavu ni kosa kubwa. Doa lile ni kama unga: ukilipiga, spora hutawanyika chumba kizima, zikatua kwenye godoro na pazia.

Mwenye pumu atoke kabisa. Zima feni, funga mlango wa ndani, fungua dirisha, vaa barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo. Pulizia maji yenye sabuni kidogo mpaka doa lilowe, ngoja dakika 10, kisha futa kwa kitambaa na ukitie moja kwa moja kwenye mfuko wa kufungwa. Siki inafaa kwenye vigae. Ukuta wa chokaa usiupake, kwani siki huila chokaa. Wala usiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo: hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu.

Sasa tafuta maji yanatoka wapi, la sivyo kuvu itarudi. Bandika karatasi ya nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, uiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa yenyewe.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Shida huja zikipigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta juu yake: maji hukosa pa kutokea, rangi hufura malengelenge, na ukilipasua moja unakuta chumvi nyeupe inayomeng'enyeka. Hapo usipake rangi nyingine juu. Bandua rangi na lipu ya saruji yote, acha ukuta ukauke, kisha paka chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji), nyepesi kama maziwa, mikono mitatu, kila mkono usubiri siku moja. Linda macho, chokaa huunguza.

Kabati lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani. Madirisha yafungue adhuhuri hadi alasiri, hewa inapokuwa kavu zaidi. Godoro lililolowa likipita siku mbili bila kukauka, litoe nyumbani.