Mlibeba nini?

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: kumbukumbu za misukosuko ya kisiasa za watu waliopoteza makwao zihifadhiwe vipi, na jukumu hilo ni la nani? Najibu nikiwa mtoto wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, niliyezaliwa katika makazi ya Katumba, ambayo leo yako mkoani Katavi. Jukumu hilo ni letu sisi watoto na wajukuu, na kazi yenyewe ianzie nyumbani.

Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini mwa Burundi, wakaua watu, wengi wao Watutsi. Jeshi la serikali ya Rais Micombero likajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wauguzi, watumishi wa serikali. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000, na Warundi huliita janga lile Ikiza. Waliokimbilia Tanzania walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakalifyeka pori wakaanza upya.

Hayo yamekwisha kuandikwa. Yaliyomo vifuani mwa wazee ndiyo yanayotuponyoka. Bibi mzaa mama hasimulii kwa tarehe. Husimulia kwa misozi, yaani vilima ambavyo Mrundi huvitaja anapoulizwa kwao ni wapi. Nilipomuuliza mwaka, alininyamazia. Nilipomuuliza, "Bibi, mlibeba nini?" alisema hadi koroboi ikazimika. Walibeba chungu cha maharage ambayo yalikuwa hayajaiva, kingali cha moto, kimezungushiwa majani makavu ya mgomba, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuyamwaga.

Wengi wetu tumeridhika na maelezo mafupi ambayo wazee waliyatoa kwenye mahojiano. Wakati wa kuomba uraia wa tajnisi, ambao watu wapatao 162,000 waliupata na vyeti vikaanza kugawiwa kwa wingi mwaka 2014, mzee aliulizwa alikotoka, mwaka alioingia na idadi ya watoto, naye akajibu kwa ufupi kwa kuogopa kwamba neno la ziada lingezaa swali jingine. Masimulizi hayo yaliyopunguzwa ndiyo tuliyorithi, tukadhani ndiyo yote.

Kwa hiyo nashauri wazee warekodiwe kwa Kirundi, hata kama wajukuu wanaelewa Kiswahili tu, tafsiri itafuata. Bibi akisimulia kwa Kiswahili husema "walikufa", basi. Kwa Kirundi huwataja mmoja mmoja, nani alikuwa mtoto wa nani na alivaa nini siku alipochukuliwa. Wazee wakipingana, maneno ya wote yabaki. Dada yake bibi anashikilia kwamba walivuka ziwa usiku, bibi anasema kulikuwa kumepambazuka, nami sijaona sababu ya kumsahihisha yeyote kati yao.

Mambo madogo ya namna hiyo yana uzito kuliko tunavyofikiri. Mwanzoni mwa 2020 tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi, na baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Miwani haiwezi kumtambulisha mtu iwapo hakuna aliye hai anayekumbuka nani aliivaa.

Kuhifadhi, hata hivyo, si kutangaza. Nakala za sauti ziwe mbili au tatu, zikae kwa watu tofauti wa ukoo, na mwenye kusimulia ndiye aamue nani asikilize. Katika rekodi za bibi ipo sehemu ya dakika kumi na moja inayomtaja jirani mmoja na alichokifanya. Alipomaliza alinishika mkono, akaniomba isisikilizwe na mtu hadi atakapozikwa. Nimeiweka peke yake na kuandika juu yake siku aliyoisema, na ndugu zangu wanajua ilipo.