Kwa nini leva ya gia haitoki namba tano kuingia rivasi moja kwa moja

Ndugu yetu wa Chake Chake ameuliza kwa nini gari lake la gia tano linakataa kuingia rivasi linapotoka namba tano, na kama ni kweli alivyoambiwa na fundi kuwa ndani ya giaboksi mna pini ambayo ikitolewa gia zitakuwa nyepesi. Nimefungua giaboksi hapa Unguja kwa miaka mingi. Pini ipo, na haifai kutolewa.

Katika Toyota nyingi za gia tano zilizomo visiwani kwetu, namba tano iko kulia juu na rivasi iko kulia chini, kwenye mstari mmoja. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa akitaka kushuka namba nne huvuta leva nyuma, na mkono usipoirudisha katikati, leva huelekea rivasi ilhali magurudumu bado yanakwenda mbele. Meno ya rivasi kwenye giaboksi hizo aghalabu ni ya kunyooka na hayana sinkronaiza ya kulinganisha mwendo, kwa hiyo yakigusana husagana, na chembe za chuma huingia kwenye oili hadi kwenye beringi.

Pini hiyo ni mfano wa komeo. Leva inapoingia namba tano, springi huisukuma pini mahali inapoizuia leva isivuke fri (nafasi ya katikati isiyo na gia) kwenda nyuma. Ukiiachia leva pale kwenye fri, ikarudi yenyewe kwenye mstari wa namba tatu na nne, komeo hufunguka. Jaribu gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini imezimwa na klachi imekanyagwa: tia namba tano, kisha vuta nyuma moja kwa moja. Leva ikigota kwenye fri, kifaa ni kizima. Iachie, isukume kulia upya, uvute, nayo itaingia rivasi. Ikiwa bado inakataa hapo ndipo kuna kazi, na mimi huanzia nje: bushi za leva zilizolika, au kebo iliyoshika kutu, jambo la kawaida kwa gari linalolala karibu na bahari.

Magari mengine hayana utaratibu huu. Yapo ya Ulaya yenye pete chini ya kitasa cha leva, ambayo lazima uinyanyue. Volkswagen nyingi hutaka leva ibonyezwe chini kwanza. Pete ikinyanyuka bila uzito wowote mkononi, basi kwa kawaida kebo ndogo iliyomo ndani ya leva imechomoka au imekatika, na giaboksi haina kosa. Kuna pia magari ya mbio, kama Corvette za gia sita, yanayotumia selenoidi (swichi ya sumaku ya umeme) inayolegeza kizuizi pale tu gari linapokaribia kusimama, lakini hayo hatuyaoni Darajani.

Kukwaruza kwa rivasi gari likiwa limesimama ni suala jingine kabisa, ingawa mafundi wengi huyachanganya. Shafti inayoingiza nguvu ya injini kwenye giaboksi huwa bado inazunguka baada ya kukanyaga klachi; tia namba moja kwanza, sinkronaiza yake iisimamishe, kisha tia rivasi. Ikikwaruza hata hivyo, klachi haiachii vyema, na pini haihusiki.

Ukishafanya jaribio, andika hapa leva inagota wapi hasa: kwenye fri yenyewe, au baada ya kuivuka.