Iboga kati ya Gabon na Marekani

Umeuliza kama iboga, kichaka cha Afrika ya Kati, ni dawa halali au ya kulevya; jibu hutegemea nchi. Nchini Gabon, ambako wafuasi wa Bwiti, dini ya jadi ya huko, hula gome la mizizi ya kichaka hicho wanapoingizwa katika imani yao, serikali iliitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2000. Marekani imeiweka ibogaini, kemikali yake kuu, katika daraja la marufuku kali zaidi, ingawa mwaka 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 kwa majaribio ya kutibu uraibu wa dawa za jamii ya afyuni. Ajabu ni kwamba Ufaransa ya enzi ya ukoloni iliuza vidonge vyenye ibogaini waziwazi, kwa jina la Lambarène. Hata hivyo, usiijaribu mwenyewe, kwani huweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua.