Kumtambua mhisani mkubwa kupitia kwa wenzake

Ukianza kazi katika ofisi ya uchangishaji ya chuo kikuu, mapema sana utakabidhiwa orodha ya maelfu ya wahitimu na kuambiwa uwatafute wale wachache wanaoweza kutoa kiasi kikubwa. Kumbukumbu za ofisi zitakuonyesha nani alichanga na lini, na taarifa za kampuni zitakuonyesha nani ni mkurugenzi wa nini, lakini hakuna palipoandikwa kwamba fulani ameuza biashara yake mwaka huu, wala kwamba yule mwenye jina kubwa mali yake yote imewekwa rehani. Hayo huyajua watu waliosoma naye au wanaoketi naye kwenye bodi. Ndiyo maana vyuo huwaalika watu wa aina hiyo, kwa saa moja au moja na nusu, wayapitie majina na kuyatolea maoni.

Wakusanye kwa namna ambayo wanafahamiana na walio kwenye orodha, yaani kwa mwaka wa kuhitimu, kwa taaluma au kwa eneo wanaloishi. Orodha iwe fupi kiasi cha kusomwa bila kuchoka, kwa sababu majina ya mwisho ya orodha ndefu hupewa alama za haraka haraka tu.

Chagua maneno ya swali kwa uangalifu. Ukiuliza mtu fulani atatoa kiasi gani, wengi watajibu kwa kuangalia kama anakipenda chuo au la, na uwezo wake utabaki umefichika. Uliza hivi: iwapo angependa, na akaombwa na mtu anayemheshimu, angeweza kutoa kiasi gani katika miaka mitano? Ukaribu wake na chuo uandikwe katika safu ya pili, peke yake, kwa kuwa aliye na uwezo lakini yuko mbali anahitaji kazi tofauti kabisa na aliye karibu lakini hana kitu.

Kikao changu cha pili nilikiendesha kwa mazungumzo ya wazi, na hadi leo ninakijutia. Lilipotajwa jina fulani, mzee mmoja aliyekuwa na heshima kubwa mezani alipunga mkono akasema, "Huyo hana kitu." Wengine wakaitikia kwa vichwa, nami nikalifuta jina. Watu walipokuwa wakiondoka, mama mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa alibaki nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alisoma darasa moja na mtu huyo na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiwalipia karo vijana kadhaa bila kutaka ajulikane. Hakusema mapema kwa sababu asingeweza kumpinga mkubwa wake mbele ya watu. Tangu siku ile kila mshiriki wangu huandika kwanza, kimya, kwenye karatasi yake, na mazungumzo, yakiwapo, huja baadaye.

Kwenye karatasi hiyo safu ninayoithamini kuliko ile ya kiasi ni ya swali "Unamjuaje?" Mtu aweke wazi kama anamfahamu mwenyewe au amesikia tu, na kama yuko tayari kututambulisha kwake. Asiyemfahamu aache wazi. Nafasi tupu ni jibu la kweli. Watu wawili wanaomfahamu wakitofautiana sana, usichukue wastani wao, bali mfuate kila mmoja umuulize anategemea nini.

Wanaojadiliwa hawapo kujitetea, hivyo heshima yao iko mikononi mwako. Mweleze mapema wakili, mhasibu au mtu wa benki kwamba hutaki kusikia lolote alilolijua kupitia kwa mteja wake. Magonjwa na migogoro ya ndoa isiandikwe. Sheria nazo si za kupuuzwa: Desemba 2016 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliyatoza faini mashirika mawili ya hisani, mojawapo RSPCA, shirika la kutetea wanyama, kwa kuwapima wafadhili wao utajiri bila wao kujua, na chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018 mtu ana haki ya kuomba kuona yaliyohifadhiwa kumhusu. Kwa hiyo andika kila neno kana kwamba mhusika atalisoma.

Zipe karatasi namba, na uzihesabu kabla mtu hajatoka chumbani. Alama zilizomo ni makadirio ya kuanzia utafiti, wala si kiasi cha kwenda kumwomba mtu. Kisha, kabla wiki haijaisha, mpigie kila aliyeandika kwamba yuko tayari kukutambulisha, umwombe akutajie siku.