Lori likipita, najikuta mlangoni

SWALI: Hujambo Mwalimu? Nilikuwa mwanafunzi Gaziantep, Uturuki, Februari 6, 2023. Tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilitukuta usingizini, saa kumi na dakika 17 alfajiri. Mchana, saa saba na nusu hivi, likaja la 7.5. Tangu hapo ardhi ikawa haitulii, wiki baada ya wiki, tukalala garini na viatu miguuni. Sasa niko Kondele. Lori la mchanga likipita usiku, najikuta mlangoni na mtoto kwapani. Mume wangu hucheka. Je, nina wazimu? – Mama Baraka, Kisumu

JIBU: Mama Baraka, mwambie baba watoto aache kucheka.

Nyanya yangu aliolewa Subukia. Januari 6, 1928 lilipiga huko tetemeko la 6.9, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Kenya. Siku nne baadaye likaja la 6.0. Nyanya alisema hilo la pili ndilo lililomharibia usingizi, kwa sababu walikuwa wamesharudi kulala ndani. Hadi uzeeni, akishtuka usiku alitazama kwanza kibuyu kilichoning'inia darini. Kikiwa kimetulia, alijifunika tena na kumlaumu babu kwa kukoroma.

Omori, Mjapani aliyechunguza matetemeko, alionyesha mwaka 1894 kwamba mitetemeko ya baadaye hupungua kwa utaratibu: idadi ya siku ya kumi huwa kama sehemu moja ya kumi ya ile ya siku ya kwanza. Lakini kinachopungua ni idadi tu, si lazima ukubwa. Huko kwenu, Februari 20, mkoa wa Hatay ulipigwa na la 6.3. Kulala garini ilikuwa akili, si woga. Na kuhisi sakafu inayumba ilhali imetulia kuna jina kwa Kijapani: jishin-yoi, ulevi wa tetemeko.

Nawe tundika kibuyu chako, hata funguo kwenye uzi. Lori hutikisa madirisha likaenda zake. Tetemeko kubwa hubembeza vilivyotundikwa. Vikibembea kweli (Kisumu nayo iko kwenye tawi la Bonde la Ufa, siwezi kukuapia), usikimbilie ngazi. Ingia na mtoto chini ya meza, mfunike kichwa. Usingizi ukikataa mwezi mzima, mwone mshauri hospitalini.

Viatu viache kando ya kitanda. Vyangu viko hapo pia, na Uturuki sijawahi kufika.