Betri iliyofura haitobolewi: jibu kwa mwenye gari la rimoti

SWALI: Assalaamu alaikum, fundi. Mimi ni mkazi wa Lamu. Nina gari la rimoti la kipimo cha 1:10, ambalo mjomba wangu aliniletea kutoka Dubai likiwa na mota ya brashi ya saizi ya 540 na betri ya nikeli ya volti 7.2. Katika mchanga wa Shela lilikuwa likienda kwa uzito, kwa hivyo fundi mmoja wa simu akaniuzia betri ya lipo, yaani ya lithiamu iliyo katika mfuko laini, ya seli mbili, nami nikawa naichaji kwa chaja ileile ya mwanzo kwa kuwa plagi zinaingiana. Sasa betri imefura upande mmoja. Fundi asema ataitoboa kwa sindano itoe hewa kisha aizibe, na kwamba nikitaka mwendo wa kweli ninunue ya seli tatu. Je, seli tatu zitaiunguza mota? Au nianze kwa kutia mota isiyo na brashi?

JIBU: Waalaikumu ssalaam, ndugu yangu. Habari ya seli tatu nitaifikia, lakini nakuomba kabla hujamaliza kusoma uitoe betri hiyo ndani ya nyumba, uiweke juu ya mchanga au saruji mahali pasipo na kitu cha kushika moto, na usimruhusu mtu yeyote aiguse kwa sindano. Betri ya lithiamu iliyofura haina dawa. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu hapa Malindi haupiti muda ila naletewa betri ya namna hii karakanani, nyingine zikiwa zimekwisha kutobolewa na kubandikwa selotepu, na wenyewe wakiamini kuwa zimetengenezwa.

Mzizi wa yote haya ni ile imani kwamba betri ni betri na chaja ni chaja, ilimradi plagi zinaingiana. Chaja iliyokuja na gari lako ilikusudiwa betri ya nikeli yenye seli sita za volti 1.2 kila moja. Betri za nikeli zina tabia yake: zikishajaa, volti zake hushuka kidogo, na chaja nzuri ya nikeli huusubiri mshuko huo ndipo ikate umeme, zile za bei nafuu hazisubiri chochote, husukuma umeme tu mpaka mtu azichomoe ukutani. Lithiamu haina mshuko huo. Seli yake huhesabiwa kuwa ya volti 3.7, hujaa ifikapo volti 4.20, na umeme wowote unaotiwa kupita hapo huiharibu. Chaja inayoifaa husukuma ampea zisizobadilika mpaka seli ifikie kiwango hicho, kisha huzishikilia volti papo hapo na kuziacha ampea zipungue mpaka zikaribie kwisha. Chaja yako ya nikeli haikuundwa kuyafanya hayo, kwa hivyo kila ulipoichomeka ilikuwa ikiisubiri dalili ambayo haiwezi kuja.

Kisha kuna ile plagi ndogo nyeupe yenye nyaya tatu nyembamba, ambayo nina hakika fundi wako alikuambia haina kazi. Kazi yake ni kuipima kila seli peke yake na kuzisawazisha. Majuzi niliipima betri ya seli mbili iliyochajiwa kama ulivyoichaji yako: nyaya kubwa zilionyesha volti 7.60, namba ambayo ingemtosheleza mtu yeyote, lakini nilipoweka ncha za multimita, kile kipima umeme, kwenye plagi ndogo, seli ya kwanza ilisoma volti 4.25 na ya pili 3.35. Moja ilikuwa imepita kiasi na mwenziwe haijafika hata nusu, na jumla yake ikaonekana njema. Huenda ndiyo sababu betri yako imefura upande mmoja tu.

Sasa tuangalie hiyo inayoitwa hewa. Kinachoufurisha mfuko ni gesi iliyozaliwa mumo humo ndani, pale kimiminika cha betri kilipoanza kuvunjikavunjika kwa joto na kwa volti zilizopita kiasi, na gesi hiyo inashika moto, kama kinavyoshika moto kimiminika chenyewe. Ndani ya mfuko mna karatasi nyembamba za shaba na alumini zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na kinachozitenganisha ni utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele. Sindano haiwezi kuchagua ipite wapi. Ikiutoboa utando huo, tabaka hugusana, shoti hutokea katikati ya betri ambapo hapana swichi ya kuizima, na joto la seli moja huiwasha ya pili. Na hata ikipona dakika ile, unyevu wa hewa yetu ya pwani huingia kupitia tundu na kukutana na chumvi iliyomo katika kimiminika, wakazaa asidi kali inayodhuru macho, ngozi na mapafu. Ukinusa harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha karibu na betri yako, jua kwamba tayari inavuja.

Ndugu wa sindano ni yule anayedai kuistua betri iliyokufa. Mtu huliendesha gari mpaka limezimika kabisa, volti za seli zikashuka chini ya 2, chaja ya maana ikakataa kuipokea betri, naye akaipeleka kwa mtu anayeigusisha na betri ya pikipiki au anayeichaji kwa mpangilio wa nikeli ili chaja idanganyike. Betri huonekana kufufuka. Kilichotokea ni kwamba ilipokuwa imekauka, sehemu ya shaba iliyomo ilianza kuyeyuka, na inapotiwa umeme tena shaba hiyo huganda mahali pasipo pake na kuanza kujenga njia ya shoti. Huenda ikafanya kazi wiki nzima kabla haijaanza kuwaka usiku mmoja ikiwa kwenye chaja, na aliyeistua atakuwa amekwisha kulipwa. Chaja inapoikataa betri, imekwisha kukupa jawabu.

Betri yako basi imalize namna hii. Ikiwa haina joto wala harufu, ichukue taa ya indiketa ya gari ya volti 12 na wati 21, uiunganishe na nyaya kubwa ukiwa nje, juu ya mchanga mkavu, uiache mpaka taa izime kabisa, na uiache zaidi, nawe ukae mbali huku ukiiangalia. Kisha funga kila ncha kwa utepe wa umeme, usiichaji tena maishani, na uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Jaani usiitupe, kwa sababu majaa yetu huchomwa moto na punda huchokora humo. Ikiwa ina joto au inanuka, iache hukohuko nje, usiishughulikie kwa lolote.

Kabla ya kununua betri nyingine, nunua chaja ya lithiamu yenye tundu la plagi ndogo, inayokuwezesha kuchagua aina ya betri, idadi ya seli na ampea. Betri ya miliampea-saa 5,000, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuuhifadhi, huchajiwa kwa ampea 5, na ukiweka 2.5 hukosi kitu isipokuwa muda. Betri isiyotumika kwa siku kadhaa iwekwe ikiwa na volti 3.8 hivi kwa kila seli. Kuiweka ikiwa imejaa, katika joto la chumba cha juu mwezi wa Machi, kunatosha kuifurisha bila kosa jingine lolote. Halafu kiangalie kidhibiti mwendo cha gari lako, kile kifaa kinachoigawia mota umeme kutoka kwenye betri. Kama kilikuja na betri ya nikeli peke yake, huenda hakina uwezo wa kuzima lithiamu inapokaribia kwisha, au kinao lakini uwezo huo umezimwa, na wakati huo utahitaji king'ora kidogo cha kuchomeka kwenye plagi ya nyaya tatu, ukipange kilie seli moja inapofika volti 3.5.

Nakuja sasa kwenye seli tatu. Seli mbili ni volti 7.4, seli tatu ni 11.1, yaani mara moja na nusu. Mota ya brashi hufuata volti, kwa hivyo kasi nayo itataka kupanda mara moja na nusu, lakini nguvu inayohitajika kuupasua upepo hupanda zaidi ya mara tatu, na nguvu yote hiyo hupita katika brashi mbili ndogo za kaboni zilizopangiwa kazi nyingine. Brashi zitatoa cheche na kulika, na nyaya za mota zitaungua varinishi. Tena betri ya seli tatu ikijaa hufika volti 12.6, na kidhibiti mwendo ambacho maandishi yake hayataji seli tatu kinaweza kuungua siku ya kwanza. Kwa hivyo jibu la swali lako ni ndiyo, zitaiunguza, na huenda mota isiwe ya kwanza kuungua.

Lakini ndugu yangu, hebu ulitazame tatizo lilivyoanza. Gari lilikuwa zito katika mchanga wa Shela, na mchanga ule mkavu ulio laini ungelilemea gari lolote lenye tairi za barabarani. Gari la namna hiyo linahitaji tairi pana zenye makasia, na pinioni, yaani ile gia ndogo ya kwenye mota, yenye meno mawili au matatu pungufu, ili mota izunguke kwa wepesi na kusukuma kwa nguvu. Hiyo ni kazi ya bisibisi na fedha kidogo. Pima joto la mota kila baada ya mzunguko wa mchezo. Likipita nyuzi 80 za Selsiasi, gia zako bado ni ndefu mno, yaani pinioni ina meno mengi kupita kiasi, hata kama gari linaonekana kwenda vizuri. Na badilisha bushi za plastiki utie beringi zilizozibwa kwa mpira, kwa kuwa mchanga ukishaingia katika ekseli hula chuma, na maji ya chumvi humaliza kilichobaki. Gari likirudi ufuoni lipanguse kwa kitambaa cha maji matamu, likaushe, kisha litie mafuta.

Mota isiyo na brashi ni hatua njema, na mimi mwenyewe huipendekeza, baada ya chaja na gia kuwa sawa. Ila huwezi kuifunga kwenye kidhibiti ulicho nacho, maana mota ya brashi hulishwa kwa nyaya mbili na hii hulishwa kwa tatu. Vinunuliwe kwa pamoja vikiwa vimelingana. Mota iliyoandikwa kv 3,300 huzunguka, bila mzigo, mara 3,300 kwa dakika kwa kila volti, kwa hivyo kwa seli mbili zilizojaa inakaribia mizunguko 28,000. Hapo utaona difu na shafti za plastiki zikikatika kabla hujatamani seli ya tatu.

Nikiwa katika habari hii, naomba na wasiokuwa na magari ya rimoti wanisikilize, kwa sababu betri hizi sasa zimo katika kila nyumba, kuanzia taa za sola na spika mpaka pawabanki, na mafundi wa sindano wanaziendea zote. Masokoni pana seli za duara za aina ya 18650 zilizoandikwa miliampea-saa 9,900, na hapana seli ya saizi hiyo duniani inayofika hapo; nyingi zilizo bora hukaribia 3,500. Anayeandika uongo huo juu ya seli ameokota seli zilizochakaa katika kompyuta za zamani na kuzivalisha plastiki mpya. Wengine huzilehemu kwa moto wa moja kwa moja kwenye kichwa cha seli, wakazipika kabla hazijatumika, kisha huziunganisha bila kile kibao kidogo cha ulinzi kwa kuwa kinaongeza bei.

Wafikirie watu wa Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari la zima moto, au sisi wa Malindi tulio chini ya makuti msimu wa kaskazi. Betri ichajiwe mchana, mtu akiwa macho, juu ya kigae au ndani ya chungu cha udongo kisichofunikwa kabisa, mbali na pazia, godoro na kuta za makuti. Na ikiwaka, wengi hukimbilia kusema maji hayafai kwa kuwa lithiamu hulipuka ikiguswa na maji. Hiyo ni lithiamu tupu ya maabara. Betri hizi hupozwa kwa maji, tena maji mengi, ndoo baada ya ndoo, kwa sababu kinachoua nyumba ni joto linaloruka kutoka seli hadi seli. Chomoa umeme wa ukutani kwanza kama unaweza kuufikia, jitenge na moshi, watoe watoto nje, na betri iliyozimika iangaliwe muda mrefu ikiwa uwanjani, kwa maana huweza kuwaka tena yenyewe.